Nairobi–Dar karibu bei ya Dubai: nani anakula nauli yetu?

"Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 14 huku Buruburu. Desemba tunakwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya binti wa mwenzetu. Nimetafuta tiketi kwa simu: mtu mmoja, kwenda na kurudi, ikaonyesha 38,000. Programu haikukubali watu 14, mwisho wake ni 9. Nilipoweka 9, bei ikaruka hadi 47,000 kila mmoja. Jirani yangu amelipa 52,000 kwenda Dubai na kurudi, safari ya saa tano! Na kila siku nasikia kwenye habari kwamba mashirika ya ndege yana hasara. Kama nauli ndiyo hii na ndege zinajaa, nani anakula pesa? Je, simu inanipandishia bei kwa kuwa natafuta mara nyingi? Mwenzetu mmoja anasema akiba ya chama tuiweke kwenye hisa za shirika la ndege, eti lazima kuna faida. Tufanyeje?"

Dada mweka hazina, naelewa kinachokuumiza. Umeaminiwa pesa za watu, umefungua simu mara mbili ndani ya dakika kumi, na kiti kile kile kimekupa bei mbili. Ukirudi kikaoni utaelezaje? Kwanza tulia: hujakosea hesabu wala hakuna aliyekulenga. Kutafuta mara nyingi hakupandishi nauli. Kilichoipandisha kutoka 38,000 hadi 47,000 ni ile 9 uliyoandika, na hilo nitalieleza polepole huko mbele kwa sababu linaweza kuwaokolea makumi ya maelfu.

Kabla ya hapo kuna dhana moja ya kuondoa, kwamba nauli hupimwa kwa kilomita. Hata matatu haipimi hivyo. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, nauli ya Rongai hupanda ilhali barabara haijarefuka hata hatua moja. Imepanda kwa sababu wanaotaka kurudi nyumbani ni wengi na magari ni machache. Nauli ya ndege hufuata mkondo huo huo, ila yenyewe hubadilika mara nyingi kwa siku na hupangwa na kompyuta.

Nairobi hadi Dar ni kama kilomita 660 angani. Nairobi hadi Dubai ni kama 3,550, zaidi ya mara tano. Gharama, hata hivyo, haziongezeki mara tano. Ndege hunywa mafuta kwa wingi inapopaa; ikishafika juu hutulia. Ndege ya Dar haijakaa juu sana kabla ya kuanza kushuka. Tena vipuri vingi vya injini, na mfumo mzima wa magurudumu, huhesabiwa umri kwa idadi ya kupaa na kutua. Ndege inayokwenda Dar na kurudi hupaa mara mbili na kutua mara mbili kabla ile ya Dubai haijatua mara moja. Na kila inapotua hulipiwa upya ada ya uwanja, maegesho, ngazi, wapakiaji mizigo na kusafishwa.

Tufungue safari moja tuone ndani. Chukua Embraer 190 yenye viti 96, aina ambayo Kenya Airways huitumia sana katika safari za karibu. Kwenda Dar inaunguza takriban tani 2.5 za mafuta. Tuseme tani moja ni dola 800. Hapo ni dola 2,000 za mafuta peke yake. Wakipanda abiria 96, kila mmoja amebeba dola 21 za mafuta. Wakipanda 60, kila mmoja amebeba 33. Marubani ni wawili vilevile, gharama ya kukodi ndege ni ileile, bima ni ileile.

Je, abiria mmoja wa ziada anaongeza gharama gani? Mtu na begi lake ni kama kilo 100. Kuubeba uzito huo kwa saa moja hula kilo 3 au 4 za mafuta, yaani dola 3 hivi. Ongeza soda na pakiti ya karanga. Basi. Biashara nzima ya ndege imesimama juu ya jambo hili: karibu gharama zote zimeshalipwa kabla wewe hujafika uwanjani, na kiti kisichouzwa mlango ukishafungwa hakiuziki tena milele. Mama mboga wa Wakulima sukuma wiki ikibaki jioni ataishusha bei, au ainyunyizie maji auze kesho. Kiti cha ndege hakina kesho.

Tazama pia mstari wa kodi kwenye tiketi yako, ule ambao wengi huupita. Ndani yake kuna dola 50 ambazo Kenya humtoza kila abiria anayeondoka kwenda nje ya nchi, zinazokusanywa na Mamlaka ya Mapato. Ukisafiri ndani ya nchi, Mombasa au Kisumu, ada hiyo ni shilingi 600. Upande wa Dar nao wana ada zao unapoondoka. Dola 50 kwenye safari ya London ni tone. Kwenye safari ya Dar ni kipande kinene cha nauli, na shirika la ndege halibaki nacho hata senti. Kwa kawaida ada kama hii haijali umbali, ndiyo maana safari fupi za Afrika Mashariki huonekana ghali kupita kiasi.

Halafu kuna dola yenyewe. Tiketi ya Kisumu au Mombasa huuzwa kwa shilingi. Mafuta, kodi ya ndege, vipuri, matengenezo ya injini na bima hulipwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Tangu katikati ya mwaka huo imekaa karibu na 129. Shirika lenye mapato ya shilingi na madeni ya dola hutikiswa na mabadiliko hayo hata kama halijapoteza abiria mmoja. Hata mafuta yenyewe, kwa takwimu za IATA, ambao ni umoja wa mashirika ya ndege duniani, huuzwa Afrika kwa bei iliyo juu ya wastani wa dunia kwa kiasi cha asilimia 17.

Sasa Dubai. Ndege kubwa ya Dubai ina viti zaidi ya 300, na ukikaa ndani yake ukauliza wenzako wanakwenda wapi, wengi hawaishii Dubai. Huyu anakwenda Guangzhou kuchukua mali ya duka la Eastleigh, yule anakwenda Mumbai hospitalini, mwingine London. Huo ndio uwezo wa kituo cha kuunganisha safari. Ukiwa na miji 10 iliyounganishwa na kituo kimoja, huuzi safari 10 tu. Unauza 10 za kufika kituoni, pamoja na 45 za kuunganisha mji mmoja na mwingine: jumla 55, kwa ndege zilezile. Addis Ababa imekua kwa hesabu hiyo hiyo. Ndege ya Nairobi–Dar, kwa upande mwingine, inategemea sana watu wanaokwenda Dar.

Na jirani yako alikuwa na wa kuchagua. Kwenda Dubai kuna Emirates, kuna Kenya Airways, kuna Air Arabia inayotua Sharjah, mji wa jirani kabisa, kuna Qatar Airways kupitia Doha na Ethiopian kupitia Addis. Mmoja akipandisha bei, mwenzake anamchukulia abiria. Kwenda Dar moja kwa moja unaona majina machache, na hata hayo yametazamana kama ndugu: Kenya Airways ina takriban asilimia 41 ya hisa za Precision Air, na ndege moja inaweza kuuzwa kwa namba za safari za mashirika yote mawili. Ukiziona namba mbili kwenye simu zenye saa ileile ya kuondoka, usihesabu ushindani hapo. Ni ndege moja.

Kwa nini basi asije mwingine akashusha bei? Swali hili ndilo zito kuliko yote, na jibu lake halimo sokoni. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, anga juu ya kila nchi ni mali ya nchi hiyo. Hakuna shirika linaloweza kuamka na kuanza safari ya Nairobi–Dar kwa kuwa tu lina ndege. Lazima serikali mbili ziwe zimekubaliana ni mashirika gani yatakayoruka, mara ngapi kwa wiki, kwenda miji ipi. Shirika la nchi ya tatu likitaka kuchukua abiria Nairobi na kuwashusha Dar, linahitaji ruhusa inayoitwa haki ya tano ya anga, na hiyo hutolewa kwa mkono mzito.

Njia yenu hii hii ya Dar ni mfano tosha. Agosti 2020, kwa ugomvi wa masharti ya Covid-19, Tanzania ilizizuia ndege za Kenya. Zuio likaondolewa katikati ya Septemba. Januari 2024 Kenya ilikataa kuipa Air Tanzania haki ya tano kwa ndege yake ya mizigo, na Tanzania ikatangaza kuwa kuanzia tarehe 22 Kenya Airways haitabeba abiria kati ya Nairobi na Dar. Mawaziri walipigiana simu, jambo likaisha ndani ya siku mbili hivi. Shirika linalojua kwamba njia inaweza kufungwa kwa barua moja haliwezi kupanga ndege nyingi hapo kwa ujasiri.

Afrika ililiona tatizo hili zamani. Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999 uliahidi kufungua anga la bara, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga. Utekelezaji ndio unaosuasua, kwa sababu kila serikali inalilinda shirika lake. Faida ya kufungua inajulikana: Kenya na Afrika Kusini zilipolegeza masharti mwanzoni mwa miaka ya 2000, abiria kati yao waliongezeka kwa asilimia 69. Kwa maoni yangu, kila mwaka unaopita bila hatua kama hiyo ndani ya Afrika Mashariki ni kodi inayolipwa na watu kama nyinyi.

Umeuliza nani anakula. Duniani kote, kwa hesabu za IATA, mwaka 2025 shirika la ndege lilitarajiwa kubaki na takriban dola 7 kwa kila abiria baada ya kulipa kila kitu, chini ya shilingi elfu moja. Barani Afrika ni dola 1 na senti kidogo, kama shilingi 170; huendi mjini na kurudi kwa matatu ukabaki na chenji ya maana. Pesa nyingi hupita mikononi mwa shirika na kuishia kwingine. Ndege kubwa za abiria hutengenezwa hasa na kampuni mbili, Airbus na Boeing. Watengenezaji wa injini zake ni wachache pia, na hao hupata faida zaidi kwenye vipuri na matengenezo kuliko kwenye kuuza injini yenyewe. Karibu nusu ya ndege za abiria duniani ni za kukodi. Viwanja vya ndege havina mpinzani wa karibu. Kati ya hao wote, shirika la ndege ndilo pekee lenye washindani wengi, bei zilizo wazi kwenye simu ya kila mtu, na mteja anayehama kwa tofauti ya shilingi mia tano.

Ndege kujaa nako si ushahidi wa faida. Mwaka 2024 ndege za dunia ziliruka zikiwa na wastani wa asilimia 83.5 ya viti vyenye abiria. Za Afrika kama asilimia 74.5. Mstari wa kurudisha gharama uko karibu sana na wastani huo, hivyo viti vinne au vitano tu ndivyo vinavyotenganisha safari ya faida na ya hasara. Tena abiria unaowaona wamejaa tarehe 22 Desemba kwenda Mombasa, ndege hiyo inarudi Nairobi nusu tupu. Wanaokwenda wamelipia njia zote mbili.

Tuingie sasa kwenye ile 9 yako. Viti vya daraja la kawaida havina bei moja. Vimegawanywa kwenye makapu, na kila kapu lina herufi yake na bei yake. Kapu la bei nafuu lina viti vichache. Vikiisha, linafuata la juu yake. Anayeamua kila kapu libaki na viti vingapi ni programu inayofuata kanuni aliyoiandika Ken Littlewood wa shirika la BOAC la Uingereza mwaka 1972. Inakwenda hivi. Tuseme kuna kiti kimoja, na mtu wa dakika ya mwisho, labda mfanyabiashara au mtu aliyefiwa, atalipa dola 300. Uwezekano wa mtu huyo kutokea ni asilimia 40. Basi kukishikilia kiti hicho kuna thamani ya dola 120. Ukija leo na dola 100, utaambiwa bei hiyo imekwisha, hata kama ndege bado ina viti tele. Wiki ya Krismasi uwezekano huo unaweza kufika asilimia 80, na thamani ya kukishikilia ikawa dola 240. Ndiyo maana Desemba makapu ya chini hufungwa mapema, na ndiyo maana kungoja ofa ya dakika ya mwisho Desemba ni kujidanganya.

Silaha hii ni kali. Januari 1985 American Airlines iliitumia dhidi ya People Express, shirika la bei nafuu lililokuwa likiipokonya abiria. Ilitoa nauli za chini kama za mpinzani, lakini kwa idadi ya viti iliyohesabiwa tu, na viti vingine ikaviacha kwa wenye kulipa zaidi. Kufikia 1987 People Express haikuwepo tena.

Ukitafuta watu 9 kwa pamoja, programu inatafuta kapu moja la bei ya chini lenye viti vyote 9. Haichanganyi makapu. Tuseme la 38,000 limebaki na viti 5, la 42,000 lina 6, la 47,000 lina vingi. Viti 5 havitoshi watu 9, wala 6 havitoshi, kwa hiyo wote mnapandishwa hadi 47,000. Mkinunua 14 kwa bei hiyo ni 658,000. Mkigawanya, watano kwa 38,000 ni 190,000; sita kwa 42,000 ni 252,000; watatu kwa 47,000 ni 141,000. Jumla 583,000. Mmeokoa 75,000 kwenye ndege ileile, siku ileile.

Jinsi ya kugundua ni rahisi: tafuta mtu 1, kisha 2, kisha 3, ukiendelea mpaka bei iruke. Pale iliporuka ndipo kapu lilipoishia. Fanya hivyo kwa tarehe ya kwenda peke yake na ya kurudi peke yake, kwa sababu kila upande una makapu yake. Ajenti wa usafiri anayaona moja kwa moja kwenye skrini yake, herufi na namba, mfano N5 Q6 H9, ambapo 9 ina maana ya tisa au zaidi. Muombe akusomee.

Kugawanya kuna madhara yake, nami nisingependa uyajulie uwanjani. Kila kundi litakuwa na namba yake ya kuhifadhi nafasi. Safari ikiahirishwa, mfumo unaweza kuwahamishia watano kwenye ndege ya asubuhi na tisa kwenye ya usiku, kwa sababu haujui kuwa mko pamoja. Ajenti anaweza kuandika maelezo ya kuziunganisha. Mwambie afanye hivyo na akuonyeshe. Pia kama mnalipa kwa M-Pesa, lipieni makundi yote kwa mkao mmoja, pesa zikiwa tayari kwenye simu. Ukilipia la kwanza leo na la pili kesho kutwa, kapu la pili huenda limekwisha.

Ipo njia nyingine: nauli ya kundi. Mashirika mengi huihesabu kuanzia watu 10, nanyi ni 14. Huombwa kwenye ofisi ya shirika au kupitia ajenti, haipatikani kwenye simu. Mara nyingi huwa juu kidogo ya kapu la chini kabisa, lakini wote hulipa bei moja, mnaweka malipo ya awali, na majina mnaweza kuyapeleka baadaye. Uliza mambo manne kabla ya kulipa hata shilingi: malipo ya awali yanarudishwa au la, siku ya mwisho ya kupeleka majina, siku ya mwisho ya kumaliza malipo, na wangapi wanaweza kujitoa bila faini. Kama kuna wenzenu ambao pasipoti zao hazijatoka, mimi ningechagua nauli ya kundi hata ikizidi kwa elfu mbili au tatu kila mmoja. Kama kila mtu ana pasipoti mkononi na pesa ziko, gawanyeni makapu.

Kuhusu tarehe, kama harusi ni Jumamosi, bei za Ijumaa jioni na Jumapili jioni ndizo kali. Jaribu kwenda Jumatano au Alhamisi na kurudi Jumanne. Na safari ya Desemba inunuliwe ifikapo Septemba, au mwanzo wa Oktoba ikichelewa sana.

Barabara nayo ipo, kupitia Namanga na Arusha, au Mombasa na Lunga Lunga hadi Tanga na Dar. Ni bei ndogo sana, lakini ni safari ya kutwa kucha au zaidi, na mpakani Desemba foleni huwa ndefu. Kwa mwenzenu mwenye umri mkubwa au anayeumwa miguu, nisingeishauri.

Sasa hisa. Mwenzenu amekosea pale alipofikiri bei kubwa ni sawa na faida kubwa. Nauli kubwa inaonyesha gharama kubwa na njia iliyofungwa. Tazama historia: Pan Am ilikufa 1991, Sabena 2001, Swissair na Air Afrique 2002, Nigeria Airways 2003. Delta na Northwest ziliomba kinga ya kufilisika siku moja, Septemba 2005. Hapa kwetu, Kenya Airways ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka 11, watu wakashangilia kwa haki. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya takriban bilioni 12, sababu kubwa ikiwa ndege 3 kati ya 9 aina ya Boeing 787 kukaa chini zikisubiri injini, huku malipo ya kukodi ndege na mishahara yakiendelea. Hakuna kilichoharibika kwenye wazo la biashara; vipuri tu vilichelewa, na soko la injini dunia nzima lilikuwa limebanwa.

Mwenye hisa mdogo ana hatari nyingine. Mwaka 2017 madeni ya shirika hilo yaligeuzwa kuwa hisa ili liokolewe. KLM ya Uholanzi, iliyokuwa na asilimia 26.7, ikabaki na 7.8. Kama mbia mkubwa vile alimegwa hivyo, fikiria mwenye hisa mia mbili. Kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025 hisa hizo hazikuuzwa kabisa kwenye soko la Nairobi; aliyekuwa na shida ya karo hakuweza kuzigusa. Akiba ya chama, ambayo mwanachama anaweza kuihitaji wiki yoyote, haifai kukaa mahali pa namna hiyo. Mwenzenu akisisitiza, mwende naye kwa mshauri wa uwekezaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ana kwa ana, mkiwa na kumbukumbu za chama na katiba yenu. Msiamue kwenye kundi la WhatsApp.

Ajenti wa usafiri mtamhitaji kwa hakika kama kuna mjamzito, anayetumia kiti cha magurudumu au mtoto anayesafiri bila mzazi, kwa kuwa hayo yana fomu na muda wake. Chagua mwenye ofisi unayoweza kuingia na risiti yenye jina la kampuni, na usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi. Safari ikifutwa na mkanyimwa haki yenu, malalamiko hupelekwa kwa shirika kwanza kwa maandishi, kisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Kwa wiki hii, kusanya picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti ya kila mmoja. Kitambulisho cha taifa kinatosha kwenda Uganda au Rwanda, lakini Tanzania hakitoshi. Wote wawe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo asiyenayo asingoje wiki ya safari. Majina kwenye tiketi yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasipoti, hasa kwa wale waliobadilisha jina baada ya ndoa, kwa sababu kurekebisha jina moja Desemba kunaweza kumaanisha kuinunua tiketi hiyo upya kwa bei ya kapu la juu.